Mpishi wa Gari la Bwana Foti

Mwanaheri binti Mwinyikondo hakuomba kwenda kokote. Watu wa Tandika waliomjua hulisema hilo kwanza, kabla ya mengine yote. Alizaliwa Mtoni, akaolewa Tandika, na mpaka anafikisha miaka ishirini na saba safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Kisarawe, kwenye harusi ya binamu yake, akarudi kesho yake. Aliyetaka aende ni mumewe.

Mumewe, Nassibu, alikuwa seremala kwenye karakana moja ya Chang'ombe iliyokuwa ikiunda mabodi ya malori. Mwanzoni mwa mwaka 1967, wakati mjini watu hawana mazungumzo mengine ila Azimio na mabenki yaliyotaifishwa, Mzungu mmoja alileta pale lori kuukuu la jeshi akataka ligeuzwe nyumba. Aliitwa Vogt. Mafundi walimwita Bwana Foti, naye akazoea. Alikuwa amefanya kazi nchini miaka tisa, akipima miamba na kutafuta madini, na sasa mkataba wake umekwisha. Kabla ya kurudi kwao alitaka yeye na mkewe waizunguke nchi, wapande milima ya kusini, wateremke Bonde la Rukwa, watokee Kigoma, wakilala humohumo garini.

Nassibu ndiye aliyeijenga hiyo nyumba. Alitia kitanda cha mvule kinachokunjwa ukutani, kabati la vyombo lenye vizuizi ili sahani zisiruke, meza, tangi la maji juu ya paa, na ngazi ya mbao mlangoni. Bwana Foti alifurahi, akamwambia kuwa kilichobaki ni kupata mpishi mwaminifu, mwanamke, maana mkewe hakutaka mwanamume alale karibu nao porini.

"Mke wangu anapika," Nassibu akasema palepale, bila kumuuliza mwenyewe. Alikuwa na sababu. Bwana Foti na mwenye karakana walikuwa marafiki, na cheo cha unyapara kilikuwa wazi.

Mwanaheri alipoambiwa alidhani ni mzaha.

"Miezi mitatu? Na Zuena je?"

"Zuena ana bibi yake."

Zuena alikuwa mtoto wao wa pekee, wa miaka mitano, baada ya mimba mbili kuharibika. Bibi yake, Bi Hamisa, mama yake Nassibu, aliishi nao nyumba moja na hakuwahi kumpenda mkwewe. Lakini mjukuu alimpenda, hilo hakuna aliyelipinga. Mwanaheri alilia siku mbili, siku ya tatu akafunga kanga zake. Nassibu alimpa maneno ya kumtuliza: Bwana Foti alikuwa ameacha orodha ya miji ambako atapitia posta kuchukua barua zake. Iringa, kisha Mbeya, kisha Kigoma. Kukiwa na lolote, wataletewa simu ya maandishi.

"Na mie nitaisomaje?" Mwanaheri akauliza. Alikuwa amesoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, akihitimu vizuri, na aliweza kuandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu. Herufi za kizungu hakuzijua.

"Mke wa Bwana Foti anasoma Kiswahili. Atakusomea."

Waliondoka mwisho wa mwezi wa Mei, mvua za masika zilipokatika. Zuena alikimbia nyuma ya gari mpaka kona ya msikiti, kisha akasimama.

Safari yenyewe Mwanaheri aliielezea kidogo sana maishani mwake. Waliomsikia wanakumbuka vipande. Vumbi la barabara ya kwenda Zambia, lililokuwa zito hata malori ya mafuta yaliwasha taa mchana. Tembo wa Mikumi waliosimama barabarani saa nzima, na Mama Foti akicheka kama mtoto. Ule mlima wa Kitonga, ambapo gari lilipanda kwa kunguruma huku yeye amefumba macho akisoma kila aya aliyoijua. Na baridi. Hakuwahi kujua kuwa baridi inaweza kuuma kama meno. Wazungu walilala ndani, kwenye kitanda alichokitengeneza mumewe. Yeye walimfungia turubai ubavuni mwa gari, akalala chini juu ya jamvi, na asubuhi kanga aliyojifunika ilikuwa imelowa umande. Alimwomba Mama Foti alale ndani hata sakafuni. Mama Foti alisema ndani hakuna nafasi, na tena moshi wa jikoni umemkaa mwilini.

Hakuwa mwanamke wa kupiga wala kutukana, huyo Mama Foti. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kuumwa kichwa mara kwa mara, na alimwogopa mumewe. Bwana Foti alitaka chai saa kumi na mbili kamili, na mkate uliookwa siku ileile, awe Chalinze au awe juu ya jabali. Kama hakuupata alinyamaza siku nzima, na kule kunyamaza kwake mkewe hakukuweza. Mwanaheri alijifunza kuoka mkate kwenye sufuria iliyofukiwa makaa, na tangu hapo Mama Foti akawa anamshikilia kama mtu anayeshikilia mlingoti wa mashua.

Walifika Iringa wiki ya kwanza ya Juni. Mwanaheri alibaki kulinda gari, Mama Foti akaingia posta. Alitoka na bahasha nyingi mkononi, akasimama kwenye ngazi akisoma karatasi moja. Aliisoma, akamtazama Mwanaheri, akaisoma tena.

"Kuna habari za nyumbani, mama?" Mwanaheri akauliza alipokaribia.

"Hapana. Ni za kwetu tu," akajibu, akaitia ile karatasi mkobani.

Kutoka Iringa walikwenda Njombe, wakapanda milima ya Kipengere, ambako Bwana Foti aligonga mawe kwa nyundo na kupiga picha maua. Siku kumi na nane walikaa huko juu. Hakukuwa na kijiji cha karibu wala kuni kavu. Mwanaheri alipasuka midomo na visigino, akapika kwa vidole visivyokunjika. Kila jioni alihesabu siku zilizobaki, akamtaja Zuena kwa jina, akamwombea alale vizuri.

Mwisho wa Juni wakateremka Mbeya. Pale posta mambo yalikuwa vilevile: Mama Foti akaingia, yeye akangoja nje. Safari hii alikawia. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na alipanda garini moja kwa moja. Alasiri ileile akaenda madukani peke yake, akarudi na sweta la sufu, zito, la rangi ya zambarau.

"Chukua, Mwanaheri. Ni lako."

Kuanzia usiku ule alimruhusu kulala ndani. Alimtandikia blanketi sakafuni kati ya jiko na kitanda, na Bwana Foti alipolalamika, mkewe alimjibu kwa ukali kwa lugha yao, jambo ambalo Mwanaheri hakuwahi kulisikia. Akaanza kumtilia sukari zaidi kwenye chai. Akamsaidia kuosha vyombo. Mara moja, wakiwa wamekaa wawili kando ya barabara ya Tunduma, alimshika mkono asiuachie muda mrefu. Mwanaheri alishangaa, lakini alishukuru. Alidhani ugumu wa milimani umemfungua yule mama moyo. Akawa anamtia kwenye dua zake baada ya kila sala: Mungu amwondolee maumivu ya kichwa, Mungu amjaalie mtoto, kwa kuwa hakuwa naye.

Walipita Sumbawanga katikati ya Julai, wakaanza kuteremka kwenye Bonde la Rukwa kwa njia ya mawe ambayo wenyeji waliwaonya wasiipite. Bwana Foti hakuonyeka. Siku ya pili ya kuteremka, springi kubwa ya nyuma ilikatika, gari likalala ubavu kidogo juu ya korongo, likakwama. Hakukuwa na mtu. Chini waliona ziwa jeupe kwa mbali na vumbi la nyati. Bwana Foti akalala pale usiku mmoja, asubuhi akachukua bunduki na chupa ya maji, akapanda mlima kwa miguu kutafuta lori la kumfikisha Sumbawanga kununua springi. Alisema siku nne.

Siku ya tatu Mama Foti akashikwa na homa. Alitetemeka mpaka vyombo vikalia kabatini. Mwanaheri alimkanda kwa maji, akamnywesha uji, akamwosha alipotapika. Maji ya tangini yalikuwa yamekwisha. Aliteka kwenye kijito kilichokuwa mwendo wa nusu saa, na mara mbili alikuta nyayo mbichi za chui mchangani. Alizikanyaga akapita. Vidonge vya homa vilikwisha siku ya nne, na Bwana Foti hakutokea.

Siku ya tano alipita kijana mmoja akisukuma baiskeli iliyopakiwa vitabu. Alikuwa Mwalimu Nikodemu, wa shule ya msingi ya kijiji cha chini, akitoka kuchukua vitabu na madaftari kwa mkaguzi. Aliweka baiskeli akasalimia kwa adabu.

"Mwalimu, Mungu amekuleta," Mwanaheri akamwambia. "Mwenye gari anaumwa sana. Sanduku la dawa limejaa chupa lakini sie hatujui ipi ni ipi. Nisomee."

Akalileta lile sanduku la bati nje, juu ya ngazi. Nikodemu akatoa chupa mojamoja, akisoma maandishi. Chini kabisa, chini ya pamba na bandeji, kulikuwa na karatasi mbili zimekunjwa. Alizifungua akidhani ni maelezo ya dawa.

"Mwanaheri binti Mwinyikondo ni nani?" akauliza.

"Ni mie."

Mwalimu alimtazama, na uso wake ukabadilika. Alijaribu kuzikunja tena.

"Soma," Mwanaheri akasema.

"Mama, pengine ungekaa kwanza."

"Soma, mwalimu."

Akasoma. Ya kwanza ilitoka Dar es Salaam tarehe tano Juni, ikapokelewa Iringa tarehe sita. *Zuena ana surua mbaya. Yuko hospitali. Anakuita. Rudi upesi. Nassibu.* Ya pili ilikuwa ya tarehe kumi na mbili, kwa posta ya Mbeya. *Zuena amefariki jana. Tumemzika Tandika. Nassibu.*

Nikodemu alisimulia baadaye kuwa yule mama hakupiga kelele. Aliuliza tu leo ni tarehe ngapi. Akaambiwa ishirini na moja Julai. Akahesabu kwa vidole, polepole, na midomo yake ilikuwa ikitembea. Kutoka tarehe sita mpaka kumi na moja ni siku tano. Basi la kutoka Iringa hufika Dar kwa siku moja na nusu. Kisha akahesabu tena, kutoka tarehe kumi na moja mpaka siku ile. Ilikuwa arobaini ya mtoto wake. Kule Tandika walikuwa wamepika pilau na kusoma hitima, na yeye yuko huku ameshika kata ya uji wa mtu mwingine.

Akaingia ndani. Nikodemu akabaki mlangoni.

Mama Foti alikuwa amelala akiwa macho. Aliziona karatasi mkononi mwa Mwanaheri, akafumba macho, akayafumbua.

"Nilijua wewe utaondoka," akasema kwa sauti ya homa. "Bwana anataka chakula, mimi siwezi mlima peke yangu. Nilifikiri, mtoto anaugua, mtoto anapona. Watoto wote wanaugua."

"Na hii ya pili?"

"Ya pili, mtoto alikuwa amekwisha kufa, Mwanaheri. Kurudi ilikuwa haina faida tena. Nilisema nitakutunza. Nimekutunza, si kweli? Nimekupa sweta."

Mwanaheri alikuwa amelifunga lile sweta kiunoni. Alilifungua akaliweka juu ya meza, akalikunja vizuri mikono kwa ndani, kama anavyokunja nguo za kupiga pasi. Akachukua sufuria ya uji akautoa nje akaumwaga kwenye mawe. Akarudi, akafunga kanga zake. Mama Foti alijaribu kuinuka, kiwiko kikamponyoka.

"Usiniache hapa. Bwana atakuja kesho. Ngoja mpaka kesho tu. Mwanaheri! Nitakufa."

"Watu wanaugua, watu wanapona," Mwanaheri akamwambia.

Ndoo ya maji ilikuwa imejaa. Alikuwa ameiteka asubuhi ileile. Aliibeba akaitoa nje, akaiweka chini, mwisho wa ngazi, na kata juu yake. Kisha akafunga mlango.

Kuhusu hiyo ndoo hakusema jambo lilelile kila mara. Kuna miaka alisema aliitoa nje ili kunawa uso, akaisahau kwa uchungu. Kuna miaka alisema aliiweka pale akijua kabisa kuwa mgonjwa hawezi kushuka ngazi.

"Mama, yule atakufa kwa kiu," Nikodemu akasema.

"Baki nae wewe."

Nikodemu hakubaki. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, na anakiri kuwa alimwogopa. Alimsindikiza mpaka juu ya mlima, akampakia kwenye lori la misheni lililobeba mahindi kwenda Tunduma, kisha akateremka mbio kwenda kumwambia mke wake na wanawake wa kijijini. Walipofika garini giza lilikuwa limeingia. Walimkuta Mama Foti ameanguka chini ya ngazi, mkono umevunjika juu ya kifundo, ndoo imepinduka kando yake. Walimuuguza. Bwana Foti alirudi siku ya pili yake na springi. Mkewe alipona homa, lakini mkono uliunga vibaya.

Mwanaheri alichukua siku tisa kufika Dar. Kutoka Tunduma alipata lori lililokuwa linarudi na mapipa matupu ya mafuta. Dereva wake, Leonardi, mtu wa Songea, alimpandisha juu ya mapipa kwa sababu kiti cha mbele alikuwa amekiuza kwa mwingine. Mapipa yaligongana na kuruka usiku na mchana, naye akajifunga kwa kanga kwenye chuma ili asirushwe. Kitonga walishuka bila breki za kuaminika, na nyuma yao aliona lori jingine limelala bondeni likiungua. Hakusoma aya yoyote safari hii. Alipoteremshwa Keko masikio yake hayakusikia kitu kwa saa kadhaa, na ngozi ya mapajani ilikuwa imechubuka.

Alitembea mpaka Tandika. Bi Hamisa alikuwa uani anapepeta mchele, na hakusimama.

"Shikamoo, mama."

Bi Hamisa hakuitikia. "Umekuja kutazama nini?" akauliza.

"Mama, simu sikusomewa. Walinificha. Karatasi hizi hapa."

"Siku nne alikuita," Bi Hamisa akasema, akaendelea kupepeta. "Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili akawa anauliza gari limefika wapi. Mie nikawa namwambia limefika Morogoro, limefika Chalinze, liko Pugu. Nikamleta mama yake kwa mdomo wangu mpaka Pugu. Siku ya nne hakuuliza tena. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia mamaako amenogewa na Wazungu."

Mwanaheri akaanguka juu ya mchanga wa uani. Majirani wakatokea milangoni; hakuna aliyekuja kumwinua. Walikuwa wamekwisha kusikia habari zake kwa wiki sita, na habari zenyewe walizipata kwa Bi Hamisa.

Nassibu alirudi kutoka kazini jioni. Alikuwa amepewa unyapara. Nyuma yake aliingia mwanamke kijana, kapu la sokoni kichwani, akapita moja kwa moja mpaka jikoni kama mwenye kwake. Mwanaheri alimwelewa bila kuambiwa.

Akampa mumewe zile karatasi mbili, akamweleza yote, toka Iringa mpaka Rukwa. Nassibu alizisoma ingawa aliziandika mwenyewe. Aliona mihuri, aliona tarehe. Kwa kitambo Mwanaheri alidhani atalia.

"Ungeuliza," hatimaye akasema.

"Niliuliza. Niliuliza, Nassibu. Nilimuuliza kwa mdomo wangu."

"Karatasi hazimrudishi mtoto," Bi Hamisa akasema kutoka uani.

"Ni wewe uliyenipeleka," Mwanaheri akamwambia mumewe.

"Nilikupeleka ukapike."

Akaingia chumbani, akatoka na waraka uliokunjwa. Ulikuwa umeandikwa wiki tatu nyuma, mbele ya mashahidi wawili, kwa herufi za Kiarabu ili asihitaji wa kumsomea. Ilikuwa talaka. Mwanaheri aliisoma mara moja, akiwa amesimama, kisha akauliza jambo moja tu: kaburi liko wapi.

"Waulize waliozika," Nassibu akasema.

Waliozika walikuwa yeye mwenyewe, shemeji yake na mchimba makaburi. Shemeji alikuwa amehamia Tanga. Mchimba makaburi, mzee mmoja mpole, alimpeleka Mwanaheri makaburini siku ya pili, akazunguka naye asubuhi nzima. Mwezi ule wa Juni surua ilikuwa imepiga mtaa mzima, na watoto walizikwa watatu, wanne kwa siku. Vijilima vilikuwa vingi, vingine vimekwisha kulala na ardhi, vijiti vya alama vimeokotwa kuwa kuni. Mzee aliomba radhi. Alijua ni upande ule wa minyonyo, lakini kipi hasa, hakuweza kuapa.

Aliishi Keko baada ya hapo, chumba kimoja. Alipika kwenye kantini ya kiwanda Chang'ombe, miaka mingi, na wafanyakazi walimwogopa kwa sababu hakucheka nao. Bwana Foti alipopita mjini kurudi kwao, alimlalamikia mwenye karakana kuwa mke wa seremala nusura amuue mkewe. Nassibu akaupoteza unyapara, ingawa mke huyo alikuwa amekwisha kumtaliki. Mwanaheri alipoambiwa, aliuliza mkono wa yule mama umeunga vipi. Aliyemletea habari hakujua kama anauliza kwa huruma.

Kisomo cha watu wazima kilipoanza, alijiandikisha siku ya kwanza. Kwa miezi minne akawa anasoma herufi za kizungu vizuri kuliko mtu yeyote darasani. Majirani wakaanza kumletea barua zao, na wakaona alivyo. Alizisoma palepale, zote, kama zilivyo, kabla mtu hajavuta kigoda. Bernadeta, mwanamke wa Masasi aliyepanga chumba cha pili, alimpa barua akiwa ametoka kisimani, mtoto mgongoni na ndoo kichwani.

"Baba yako amekufa Jumanne," Mwanaheri akamwambia. "Alikuwa na tumbo. Wamemzika."

Bernadeta akayumba, maji yakamwagikia mtoto. "Ungeningoja nikatua ndoo, dada! Huna huruma wewe."

"Sikungoji," Mwanaheri akasema, akaendelea kusoma mpaka jina la mwandishi. Wengi waliacha kumletea barua. Wengine waliendelea, kwa kuwa walijua hawatafichwa.

Hakuolewa tena. Mwaka 1975 Nassibu alikuja Keko kumtafuta. Alikuwa amekonda, kifua kinampiga, na yule mke wa pili alikuwa ameondoka na watoto wao. Bi Hamisa alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Alisimama mlangoni mwa Mwanaheri akazungushazungusha kofia yake mikononi.

"Nimekuja kuomba unisamehe."

Mwanaheri alimpa kiti, akampa chai na mkate. Alimngoja amalize. Kisha akajitanda kanga.

"Nionyeshe kaburi," akasema. "Halafu tutazungumza."

Walikwenda kwa miguu, yeye mbele, Nassibu nyuma akikohoa. Makaburini nyasi zilikuwa zimefika magotini na minyonyo imekatwa. Nassibu aliingia, akaenda upande wa kushoto, akasimama, akarudi. Akatazama ukuta wa nyumba mpya uliokuwa umejengwa ukingoni. Akahesabu hatua kwa midomo. Akafika mahali penye kichuguu, akaelekeza kidole.

"Ni hapa."

Mwanaheri alimtazama usoni, si pale alipoelekeza. Aliolewa naye miaka tisa na alimjua anapokisia.

"Hujui," akamwambia.

Nassibu akashusha mkono. "Basi itakuwa pale," akasema, akaonyesha mahali pengine, hatua kumi mbele.

Mwanaheri akageuka akatoka makaburini, akamwacha amesimama kwenye nyasi. Nassibu alimwita mara mbili. Hakugeuka, kwa kuwa saa nane kantini ilikuwa inafunguliwa na wali ulikuwa haujawekwa jikoni.